Mama Mkwe Alipoingia Ndani ya Tembe

Ipagala, Dodoma
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Baba mpe shikamoo yake kabla hajatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe, ila barua hii isome kwanza peke yako. Ukishaisoma utajua wewe mwenyewe umwambie lini na umwambie vipi.

Goti linaendeleaje? Kaka Ambakisye alinidokeza kwamba mvua za huko hazijui kupumzika na kwamba bado unapanda kile kilima kwenda kwenye viazi, ingawa daktari alikuambia usubiri. Mama, viazi havitakimbia. Huku hatujaona tone tangu Aprili. Ni upepo tu na vumbi jekundu; ukianika shuka jeupe asubuhi, mchana unaanua shuka la rangi ya chai. Midomo inapasuka mpaka mtu anaogopa kucheka. Zabibu za jirani ndizo pekee zinazojua zinapata wapi maji.

Sisi hatujambo. Leo naweza kuliandika neno hilo bila kukudanganya, na hiyo ndiyo sababu nimekaa kuandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu nimekudanganya tangu Machi. Ulikuwa ukiniuliza, "Mbona sauti yako iko chini?" nami nasema ni mtandao. Haukuwa mtandao, Mama.

Nilikuwa mjamzito. Baada ya miaka sita ya kungoja niliogopa kuitangaza furaha kabla haijakomaa, na tena nilikuwa na utoto kichwani: nilitaka nishuke kwenye basi siku ya Pasaka, unione mwenyewe nilivyo, upige vigelegele hapo stendi ya Tukuyu mpaka wapiga debe wanyamaze. Mimba ikafika miezi mitano. Jumanne moja nipo masjala napanga majalada, kiuno kikaanza kuuma. Nikadhani ni kuinama sana. Saa nane nilikuwa hospitali, na kabla jua halijazama yote yalikuwa yamekwisha. Alikuwa mtoto wa kike. Muuguzi alinionyesha, kisha akamfunika. Yona alimbeba kwenye ile khanga yangu ya kijani uliyonipa, yeye na mwalimu mwenzake wakaenda kumzika. Mimi sikwenda. Sikuweza kusimama.

Weka barua chini kidogo, Mama, ukihitaji. Mimi nipo, nakula, naenda kazini. Ukirudi nitakueleza yaliyonifanya nipate nguvu ya kukuandikia.

Unamkumbuka mama mkwe wangu, Mama Yona, kutoka siku ya harusi: yule mrefu mwembamba aliyekaa pembeni, ambaye shangazi alisema hajui kucheka. Alikuja kwetu Januari kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na jicho lilipopona Yona akamzuia asirudi kijijini. Kwa hiyo alikuwepo. Majirani walikuja wakanipa pole, wakafua, wakapika uji. Wenzangu wa ofisini wakaja. Mama Yona hakusema neno. Hata pole, Mama. Alikaa kwenye mkeka nje ya mlango akiwa ametupa mgongo, kama mlinzi aliyelazimishwa kulinda nyumba asiyoipenda.

Siku ya tatu nilijikongoja nikaingia jikoni nichemshe maji. Akaja nyuma yangu, akaninyang'anya sufuria. "Toka," akasema. "Usishike moto."

Nikatoka. Nikakaa kitandani nikajiambia: ananiona najisi. Ananiona mwanamke aliyeshindwa kumpa mjukuu, sasa hataki hata nimpikie. Kiswahili chake ni cha kujifunza ukubwani, hutoa maneno machache tu kwa siku, lakini hayo matatu niliyaelewa vizuri. Tangu hapo tukawa kama wapangaji wawili wasiojuana. Mmoja akiingia sebuleni, mwingine anakumbuka nguo kwenye kamba. Yona akawa katikati, akiniambia, "Tusa, Mama ndivyo alivyo." Mimi nikamjibu kwamba mawe nayo ndivyo yalivyo.

Mwezi wa saba, mwezi ambao ningejifungua, nilijaza fomu ya kuomba uhamisho kuja Mbeya. Nikaificha kwenye droo yangu ofisini. Nilipanga kumwambia Yona nakuja kukaa kwako kwa muda. Muda gani, hata mimi sikujiuliza.

Sasa, mwezi uliopita Yona alisikia shuleni kwake habari za makumbusho yaliyoko nje ya mji, ukishika njia ya Kondoa. Si jengo lenye makabati ya vioo. Ni uwanja mkubwa wenye vichaka, na humo wamejenga nyumba za watu wa zamani wa nyanda hizi kama zilivyokuwa, pamoja na mazizi, vihenge vya nafaka, mizinga ya nyuki juu ya miti, na vibustani vya uwele. Unatembea kutoka boma hadi boma. Yona akasema tumpeleke mama yake, atafurahi kuona vitu vya ujana wake. Jumamosi asubuhi tumeshavaa, mwalimu mkuu akampigia simu: msimamizi wa mtihani wa majaribio anaumwa, aje yeye. Yona alisimama mlangoni na simu mkononi akatuangalia.

"Nendeni nyie wawili," akasema. "Nimeshaongea na mwenye bajaji. Tusa, tafadhali."

Ile tafadhali ndiyo iliyonipeleka. Tulikaa kwenye bajaji, kikapu cha chakula katikati yetu kama jiwe la mpakani. Mpaka tunafika, neno lililosemwa lilikuwa moja. Mama Yona alisema, "Vumbi."

Getini tulipokelewa na binti anaitwa Rehema, mwanafunzi wa chuo kule Chimwaga aliyekuwa hapo kwa mafunzo ya vitendo. Mchangamfu, ana daftari, na mkononi ana fimbo ya kuonyeshea. Akapiga magoti kidogo, "Shikamoo bibi," akapewa marahaba yake, tukaanza. Alituonyesha mizinga ya magogo, akatuonyesha vibuyu vya maziwa na ngozi za kulalia. Mama Yona anafuata nyuma, mikono mgongoni, uso haujabadilika. Nikasema moyoni, tumekuja bure.

Kwenye jiwe la kusagia ndipo mambo yalipoanza kugeuka. Rehema alipiga magoti kutuonyesha jinsi mtama ulivyosagwa. Akasukuma lile jiwe dogo mbele na nyuma kwa vidole, taratibu, huku akieleza. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Binti, hilo jiwe unalipapasa. Halina homa."

Rehema akacheka mpaka akakaa chini. Mama Yona akavua viatu, akapiga magoti, akaweka uzito wa mwili wote kwenye viganja, na lile jiwe likaanza kuimba. Mabega yale membamba, Mama! Unga ukashuka mwembamba kama poda. Nilimwangalia nikatambua kwamba katika miezi minane sijawahi kumwona akifanya kitu anachokijua. Kwangu alikuwa mgonjwa wa macho aliyekaa kwenye mkeka.

Kisha tukafika kwenye tembe. Wewe hujaiona, ngoja nikueleze. Ni nyumba fupi, ndefu kwa ubavu, paa lake ni bapa, udongo umekandikwa juu ya miti, na nyasi huota hapo juu mvua zikinyesha. Ukiwa mbali utadhani ardhi imejiinua kidogo tu ikakaa. Mlango ni mmoja, na lazima uiname. Kuna chumba cha nje, halafu cha ndani kisichokuwa na dirisha.

"Chumba cha ndani kilikuwa cha mama mwenye nyumba," Rehema akaeleza. "Humo alitunza nafaka, alilala na watoto wadogo, na humo alijifungulia."

Mama Yona hakusubiri amalize. Aliinama, akaingia. Tukamngoja. Rehema akanieleza habari za miti inayotumika kwenye paa, miti ambayo mchwa hawaipendi. Tukangoja tena. Rehema akafunga daftari.

"Dada, bibi yuko salama kweli?"

Nikaingia. Kulikuwa na giza baridi lenye harufu ya udongo na samadi. Macho yalipozoea nikamwona amekaa chini kwenye kona, miguu ameinyoosha kama mtoto, kiganja kimoja amekilaza sakafuni pale ukuta unapokutana na ukuta. Machozi yanashuka bila sauti.

"Mama, unaumwa?"

"Kaa."

Nikakaa.

"Alikuwa hapa," akasema. "Wa kwanza. Na wa pili huyu, karibu naye."

Nilidhani akili imempotea. Nikamwambia taratibu kwamba nyumba hii ni ya makumbusho, imejengwa juzi tu. Akatikisa kichwa.

"Najua ni ya juzi. Sina wazimu. Lakini kona ni hii."

Akanieleza, Mama, kwa kile Kiswahili chake cha kukata kata, na nitajitahidi nisikiongezee chumvi. Kabla ya watoto wake wote, kabla ya wifi yangu mkubwa, alibeba mimba mbili ambazo hazikufika. Alikuwa msichana tu. Mama mkwe wake aliwazika ndani ya tembe yao, kwenye kona ya chumba cha ndani kama hiki, akakandika sakafu juu yao, kisha akamwambia afute uso ashike kazi, na asiwataje kamwe, maana akiwataja atafunga njia ya wengine. Kwa hiyo hakuwataja. Alilala juu yao miaka kadhaa na akaridhika, kwa sababu walikuwa karibu. Ndipo ukaja wakati ule serikali ilipowahamishia watu vijiji vya ujamaa.

"Walisema tutoke siku ile ile," akasema. "Paa likabomolewa tusirudi. Nikabeba jiwe la kusagia, nikabeba kuku, na dada yake Yona mgongoni. Mbuzi wote tuliwahamisha. Hao wawili niliwaacha. Na sikumwambia mtu, hata baba yake Yona, mpaka akafa."

Huko nje nikasikia kelele: watoto wa shule wameshushwa kwenye basi, wanakuja wakikimbia kuelekea kwenye tembe, mwalimu wao anapuliza filimbi. Mama Yona akashika ukuta ili ainuke, akajifuta haraka haraka kwa ncha ya khanga, akiwa na haya kama aliyekutwa anaiba. Ile haya ndiyo iliyoniumiza. Nikamrudisha chini, nikaenda kusimama mlangoni mikono nimeitanua huku na huku.

"Mwalimu, tafadhali msiingie kwanza," nikasema. "Kuna mfiwa humu."

Yule mwalimu aliniangalia, akaangalia ile nyumba ya maonyesho, akaniangalia tena. Rehema, Mungu ambariki, hakuuliza swali. Alipiga makofi, "Haya wanangu, mizinga ya nyuki kwanza! Nani anaogopa nyuki?" na kundi zima likamfuata.

Niliporudi, Mama Yona alikuwa ananitazama kwa macho yake yote mawili, lile la zamani na lile jipya.

"Wako alikuwa na jina?" akaniuliza.

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo, Mama. Wote walinipa pole, wote waliniambia Mungu atatoa mwingine. Jina tulikuwa nalo. Tulikuwa tumepanga kumpa jina lako.

"Atupele," nikasema.

"Ni kusema nini?"

"Ametupa."

Akashtuka. "Ametutupa?"

"Hapana, Mama. Ametupatia. Ni Kinyakyusa, maana yake Mungu ametupatia."

Akalirudia jina polepole, Atupele, Atupele, akilipima kinywani. Ndipo nilipolia. Nililia kama ambavyo sikuwahi kulia hospitalini, kichwa nimekiweka kwenye paja lake lililojaa unga wa mtama, naye akaniacha nilie.

Nilipoweza kusema nikamuuliza kilichokuwa kimenikaa kooni tangu Machi. Kwa nini alinifukuza jikoni?

"Mimi siku ya tatu nilipewa mchi nitwange," akasema. "Damu ikarudi, kidogo nife. Nikasema huyu hatashika moto wala mchi mpaka apone. Na mlangoni nilikaa ili wasije watu wenye midomo mirefu kukuchosha."

"Hukunipa hata pole, Mama."

Akanipangusa unga wa mtama kwenye nywele.

"Mimi sikupewa," akasema. "Nilijua ndivyo inavyofanywa. Pole, mwanangu. Pole sana. Pole kwa Atupele."

Nami nikampa yake, kwa wale wawili. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo. Alifumba macho kama mtu anayetuliwa mzigo kichwani na bado shingo haijaamini.

Tulipotoka jua lilitupiga usoni tukashindwa kuona. Tulikula chakula chetu kivulini na Rehema, na Mama Yona akaanza kumfundisha majina ya vyombo, maana mengine kwenye lile daftari yalikuwa yameandikwa vibaya. Rehema anafuta, anaandika. Wakati wa kurudi, kwenye bajaji, kikapu nilikiweka miguuni.

Nilimwachia yeye amwambie Yona. Alimwambia siku ile ile tukiwa mezani, kwa Kigogo, sikuelewa maneno, lakini nilimwona mume wangu akiacha kutafuna. Mtu mzima wa miaka thelathini na minane aliinuka, akazunguka meza, akakaa sakafuni karibu na miguu ya mama yake. Hakujua kwamba kuna wawili waliowatangulia yeye na dada yake.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote watatu upande wa Bahi, palipokuwa pamesimama nyumba yao. Hakuna kitu pale, Mama. Ni shamba la kijana mmoja, limeshavunwa, mabua ya uwele tu. Mama Yona alizunguka sana. "Ni hapa," anasema, halafu anasogea, "au pale." Mwishowe akasimama, akasema, "Basi. Ni hapa pote." Yona akaomba kwa sauti ndogo. Yule kijana mwenye shamba aliposikia habari yenyewe alivua kofia, akasema kuanzia sasa atakiacha kile kipande bila kukilima, kwa heshima ya bibi.

"Lima," Mama Yona akamwambia. "Uwele ukiota juu yao si vibaya. Watoto wanapenda watu wafanye kazi karibu yao."

Jumatatu nilipofika ofisini nilitoa ile fomu kwenye droo nikaichana. Sisemi kila kitu kimekuwa asali. Bado zipo asubuhi ambazo sitaki kuamka, na bado Mama Yona anaweza kumaliza siku nzima kwa maneno sita. Ila juzi nikiwa nafua, aliniuliza kutoka kwenye mkeka wake, "Atupele angekuwa anacheka sasa?" Nikahesabu, nikamwambia ndiyo, miezi miwili, angekuwa ameanza. Akaitikia kwa kichwa, tukaendelea, mimi na nguo zangu, yeye na karanga zake. Huwezi kujua ilivyonisaidia.

Kwa hiyo Mama, nisamehe kwa uongo wa miezi sita. Najua ungepanda basi usiku huo huo, na goti lako na yote. Ulie, kisha unipigie, nami safari hii sitasingizia mtandao. Krismasi tutakuja, mimi na Yona, ruhusa nimeshaomba.

Nisalimie Baba. Nisalimie kaka Ambakisye na wifi, waambie nimeona picha ya mtoto wao na sikuumia, nilifurahi kweli. Shangazi mwambie nimemsikia kuhusu ile dawa ya mizizi ya kutafutia mtoto, ila mapumziko ninayoyapata yananitosha. Msalimie mama mchungaji, na jirani yetu anayekuletea kuni, na mdogo wangu Lusajo, asome.

Pamoja na barua hii utapokea mfuko mdogo uliofungwa kwa uzi mweusi. Ni mlenda, mboga ya huku, Mama Yona ameukausha na kuutwanga mwenyewe. Nilitaka nikuandikie namna ya kuupika, maana najua huko kwetu kila kitu mnakiunga maziwa. Amenikataza. Nilipomuuliza sasa wewe utaujuaje, alifunga ule uzi fundo la pili, akasema, "Mwambie dada yangu asiufungue. Nakuja nanyi Krismasi, nitampikia mwenyewe. Tuna mjukuu mmoja mimi na yeye, na hatujawahi kukaa tukamzungumzia."

Mwanao akupendaye,
Tusajigwe